Msiwakalishe Chini Wayamalize

Hotuba kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wahadhiri, walezi wa mabweni na walinzi, katika wiki ya kupokea wanafunzi wapya

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, wakuu wa vitivo, Mshauri wa Wanafunzi, viongozi wa serikali ya wanafunzi, walezi wa mabweni, wahadhiri wenzangu, kaka na dada zetu wa ulinzi, na nyinyi wanangu ambao bado mnauliza maktaba iko upande gani: itifaki imezingatiwa. Nimepewa dakika 40, na nimeombwa nisiwatishe watoto wa watu kabla hata hawajapata vitambulisho. Nitajitahidi. Ila mada yenyewe ni vitisho na kuandamwa, yaani mtu kumfuatafuata mwenzake asiyemtaka, kwa hiyo mnivumilie.

Tarehe 9 Aprili 2019, mjini Eldoret, Kenya, mwanafunzi wa mwaka wa sita wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Moi aliuawa mchana kweupe, nje ya hospitali ya rufaa aliyokuwa akifanyia mafunzo. Aliyemuua hakuwa jambazi wala mgeni. Walifahamiana tangu utotoni. Kijana yule alitoka Thika, mwendo wa mamia ya kilomita, akiwa na shoka na kisu. Mwaka 2023 Mahakama Kuu ilimhukumu kifungo cha miaka 40.

Lakini sikuja kuzungumzia shoka. Nataka tuangalie yaliyosemwa mitandaoni kabla marehemu hajazikwa. Watu wazima, wenye kazi zao na watoto wao, waliandika kwamba binti alikula pesa za kijana. Kwamba alitumiwa hela, akapokea, halafu akanyamaza. Wengine wakaanza kuwapa mabinti wote somo la kutokula nauli za watu. Yaani mtu ameuawa kwa shoka, na sisi tunakagua miamala ya simu ya aliyekufa.

Sentensi hiyo, "alikula hela zake", ndiyo inayowafunga midomo mabinti walioko humu ndani. Dada aliyewahi kutumiwa elfu kumi ya vocha anajua tayari swali la kwanza atakaloulizwa akienda kulalamika. Ulimpa nini mpaka akung'ang'anie? Ulipokea nini kwake? Kwa nini hukumwambia mapema? Anapiga hesabu, anaona heri anyamaze. Na ukimya wake ndio nafasi anayoihitaji yule anayemwandama.

Kwa hiyo kauli yangu ya kwanza ni kwa watumishi, maana wanafunzi wamekaa hapa kusikia kama tutaisema mbele yao. Hakuna kiasi cha fedha, chipsi, vocha, wala kodi ya chumba kinachomnunulia mtu haki ya kumfuata mwenzake. Anayedai alidhulumiwa pesa, mahakama ya mwanzo iko pale, afungue kesi ya madai. Tukikubaliana hapo tunaweza kuendelea.

Sasa kuandamwa kukoje? Nitawapa mfano. Nimeuunga kutoka mashauri mbalimbali, kwa hiyo msihangaike kumtafuta mhusika.

Dada yuko mwaka wa pili. Kuna karatasi ya mahudhurio inayozungushwa darasani, ile yenye safu ya jina, namba ya usajili, namba ya simu na sahihi. Mnaijua. Inapita mikononi mwa watu 200 kabla haijamfikia mhadhiri, na yeyote mwenye simu anaipiga picha. Kaka mmoja anapiga. Jioni anatuma "mambo". Dada anajibu "poa, nani mwenzangu?" Kosa lake lote ni hilo, na si kosa. Siku ya tatu ujumbe unasema, "Leo umependeza na hilo gauni la njano, ila kwa nini ulikaa na yule jamaa kantini?" Dada anaacha kujibu. Zinaanza "tafadhali nipigie" saa nane za usiku. Anamzuia, inakuja namba mpya. Kisha chakula kinaachwa getini kwa mlinzi, kina jina lake. Kisha kaka anajua ratiba yake ya semina, anakaa nje ya darasa kila Jumatano, hasemi neno, anatazama tu. Kisha, likizo, mama yake dada anapiga simu kutoka nyumbani: kuna kijana amekuja kusalimia, mstaarabu sana, anasema ni mchumba wako.

Kila tukio ukilichukua peke yake, halina uzito. Kumletea mtu chipsi si jinai. Kusimama nje ya darasa si jinai. Ndiyo maana mlezi wa bweni akipelekewa tukio moja anacheka kidogo, anasema, "Mwenzako kakupenda." Kuandamwa hakuonekani katika tukio moja. Kunaonekana ukiyapanga yote kwa tarehe.

Na tarehe hizo anazo nani? Sikilizeni vizuri hapa. Aliyelala naye chumba kimoja anajua kuhusu simu za usiku. Mlinzi wa getini anajua kwamba kijana amekuja na mfuko wa chipsi zaidi ya mara moja, na safari moja aliuliza chumba namba ngapi. CR, yaani kiongozi wa darasa, anajua kwamba kuna mtu aliomba ratiba ya grupu la semina ambalo si lake. Mhadhiri ameona kwamba binti aliyekuwa anakaa mbele anajibu maswali, siku hizi anakaa karibu na mlango, au haji kabisa. Mlezi wa bweni amepokea barua ya kuomba kuhamishwa chumba, sababu haikuandikwa. Zahanati ya chuo imemwandikia dawa za usingizi. Watu sita, kila mmoja ana kipande chake mfukoni, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa na mwenzake.

Jambo hili si nadharia. Tarehe 16 Aprili 2007, katika chuo kikuu cha Virginia Tech, Marekani, mwanafunzi mmoja aliua watu 32 kwa bunduki. Jopo lililoundwa na gavana kuchunguza lilikuta nini? Mwishoni mwa 2005, mabinti wawili walishalalamika polisi wa chuo kwamba anawasumbua. Walimu wake wa Kiingereza walishaogopa maandishi yake, mmoja alimtoa darasani. Wenzake wa bwenini walishasikia akizungumzia kujiua. Huduma ya ushauri nasaha ilishamwona. Habari zote zilikuwepo chuoni, kila moja kwenye faili lake, kila ofisi ikidhani sheria ya faragha inaizuia kusema na ofisi jirani. Mwaka uliofuata jimbo la Virginia lilivilazimisha vyuo vyake vya umma kuwa na kikosi cha kutathmini vitisho, yaani watu wachache kutoka ofisi tofauti wanaokaa meza moja na kuviunganisha vipande.

Sisi hatuna bunduki mabwenini, tunashukuru. Kisu, tindikali na petroli tunavyo, vinauzwa dukani.

Nirudi nyuma kidogo, hapa hapa kwetu, msije mkadhani mambo haya yameletwa na simu. Februari 1990, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwanafunzi Levina Mukasa alijiua baada ya kuandamwa na kudhalilishwa na wanafunzi wenzake wa kiume. Waliosoma Mlimani zama zile wanamkumbuka Mzee Punch: makaratasi yaliyobandikwa ukutani usiku, bila jina la mwandishi, yenye michoro ya matusi na habari za vyumbani, mengi yakimlenga msichana aliyemkataa mtu, au aliyethubutu kugombea uongozi. Asubuhi chuo kizima kinasimama, kinasoma, kinacheka. Iliitwa utani. Iliitwa utamaduni wa chuo. Kifo kile kilizua ghadhabu nchini. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, ambacho wakati huo kilikuwa na miaka mitatu tu, kililibeba suala la unyanyasaji hadharani, na harakati za wanawake za muongo ule ndizo zilizosukuma hadi ikapatikana Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998.

Nawaambia hasa nyinyi mnaoendesha zile kurasa za umbea wa chuo, mnaopokea picha za watu na kuzirusha bila jina lenu: Mzee Punch ndiye babu yenu. Tofauti ni kwamba yeye alitumia gundi, hakuacha alama. Nyinyi mnaacha namba ya simu iliyosajiliwa kwa alama za vidole.

Sasa niingie kwenye neno lililonileta. Sisi ni watu wa suluhu. Wawili wakigombana, mzee anawaita, wanakaa, kila mmoja anatoa ya moyoni, mkosaji anaomba radhi, wanapeana mikono, yameisha. Ni desturi nzuri na imeokoa ndoa na mashamba. Ndiyo maana mlezi wa bweni akiletewa malalamiko ya kuandamwa, mkono wake wenyewe unakwenda kwenye simu: mwite kijana, mwite binti, njooni ofisini kesho saa nne, mkae chini myamalize.

Naomba, kwa heshima zote, muache. Msiwakalishe chini.

Suluhu ni ya watu wawili wenye mgogoro. Hapa hakuna mgogoro. Mmoja hataki kitu chochote zaidi ya kuachwa, mwingine hataki kuacha. Ukiwaweka meza moja, umempa anayeandama kile alichokuwa anakitafuta kwa miezi: nusu saa na binti, uso kwa uso, na mlango umefungwa, na mtu mzima anamlazimisha binti amsikilize. Ataomba radhi, hata machozi atatoa. Binti ataambiwa, "Si umeona, ameshakiri, msamehe." Akikataa ataonekana ana moyo mgumu. Akikubali, kijana anatoka pale akiamini mlango umefunguliwa tena, na wewe mlezi ndiye uliyeufungua. Zaidi ya hapo, umemwonyesha kijana kwamba binti amemshtaki, halafu umewaacha wote wawili warudi mabwenini jioni ile ile.

Kinachotakiwa ni kingine. Mtu mmoja wa chuo, si mlalamikaji na wala si rafiki zake, anamwita kijana peke yake na kumkabidhi barua ya katazo: hutampigia, hutamwandikia, hutatuma mtu, hutakaribia bweni lake wala semina yake; ukivunja, shauri linakwenda kamati ya nidhamu na polisi. Anaisaini. Kama wako semina moja, anayehamishwa ni kijana. Nasisitiza hili kwa sababu siku zote tunamhamisha binti, tunamwambia ni kwa usalama wake: ahame bweni, abadilishe namba, aahirishe mwaka. Mwishowe anayepoteza masomo ni aliyekosewa.

Na barua hiyo isitoke kabla hamjajua binti atalala wapi usiku ule, na kabla walinzi hawajaoneshwa picha ya kijana. Wapo wanaotulia wakipewa barua, nadhani ni wengi. Wapo wanaochacha. Siku ya barua, siku ya kusomewa hukumu ya nidhamu, siku anayopata habari kwamba binti ana mtu mwingine, hizo ndizo siku za kukesha. Vivyo hivyo kumfukuza chuo. Tunapiga muhuri, tunafunga faili, tunapumua. Lakini kijana aliyefukuzwa hana tena darasa, hana mlezi wa kumtazama, hana cha kupoteza, na geti letu analijua. Kufukuza kunaweza kuwa lazima. Kusiitwe mwisho wa shauri.

Hebu niwape kisa cha Berkeley, California, kwa sababu washauri nasaha wetu mara nyingi huniuliza kuhusu siri. Mwaka 1969 mwanafunzi mmoja wa kigeni alimwambia mwanasaikolojia wa chuo kwamba atamuua binti aliyemkataa. Mwanasaikolojia alifanya zaidi ya ambacho wengi wetu tungefanya: aliwaeleza polisi wa chuo, kwa mdomo na kwa barua. Polisi wakamhoji kijana, wakamwona ana akili zake timamu, akaahidi kukaa mbali na yule binti, wakamwachia. Mkubwa wa mwanasaikolojia akaagiza barua irudishwe na nakala zichanwe. Muda wote huo binti alikuwa Brazil, mapumziko. Aliporudi, hakuna mtu aliyemwambia kitu, yeye wala wazazi wake. Mwezi Oktoba akauawa. Wazazi walikwenda mahakamani, na mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya California ikatoa hukumu inayofundishwa hadi leo kwa jina la familia ile, Tarasoff: siri ya mgonjwa ina mpaka, na mpaka huo ni pale uhai wa mtu mwingine unapokuwa hatarini.

Tazameni walivyofanya. Walisikiliza, waliandika, walihoji, waliachia. Walifanya karibu kila kitu isipokuwa kumwambia anayewindwa. Hukumu ya California haiwafungi majaji wetu, lakini mshauri nasaha anayesubiri sheria imlazimishe ndipo amtahadharishe mtu kwamba kuna anayepanga kumuua, huyo mimi sijui anashauri nini.

Nami naomba wataalamu muwe makini kwa upande wa pili pia. Si kila anayetisha ataua. Wapo wanaotisha kwa hasira ya pombe, kesho hawakumbuki. Na wapo ambao hawajawahi kutamka kitisho hata kimoja lakini wameshanunua kisu. Swali la kuuliza ni anafanya nini, kuliko anasema nini. Je, ameanza kusogea, kutoka kwenye simu hadi bwenini, kutoka bwenini hadi kwao? Je, anataja mahali na siku? Amewahi kumpiga mtu, au kumkaba koo? Kukaba koo msikupite kama kofi. Mwanamume aliyemkaba mwenzi wake ameshafika mbali sana. Anazungumza kama mtu aliyefika ukingoni: "nikikukosa sina sababu ya kuishi," "bora tukose wote"? Maneno haya kwenye nyimbo ni matamu. Kwenye ujumbe wa saa tisa usiku, kutoka kwa mtu uliyeachana naye, yapelekeni kunakohusika usiku huo huo. Na anayetishia kujiua naye ni binadamu aliye hatarini, anahitaji daktari. Hahitaji kurudishiwa msichana kama tiba.

Nyinyi wanafunzi, mnafanyaje likiwakuta? Jibu mara moja tu, wazi, bila matusi na bila kumpa sababu: "Sitaki mawasiliano na wewe. Usinitafute tena." Usiandike "kwa sasa niko bize na masomo", maana yeye atasoma "kwa sasa", atasubiri UE, mitihani ya mwisho, ziishe. Baada ya hapo usijibu chochote, hata kwa hasira. Ukikataa simu zake wiki nzima, kisha usiku mmoja ukapokea ili umtukane, umemfundisha kwamba wiki moja ya kupiga inalipa.

Usifute. Najua ujumbe wenyewe unachefua, unataka kuutoa simuni. Ushahidi wako ndio huo. Piga picha ya skrini inayoonyesha namba na tarehe, mtumie mtu unayemwamini, na weka daftari: siku, saa, mahali, nani aliona. Hata mstari mmoja. Mwenye daftari la kurasa nne anasikilizwa tofauti kabisa na anayesema "ananisumbua sana". Ukiona huwezi kuishi na simu hiyo, nunua laini nyingine kwa ajili ya watu wako, ile ya zamani mwachie rafiki au dawati iendelee kupokea.

Dawati ninalolisema ni Dawati la Jinsia la chuo. Vyuo vyetu vilielekezwa na serikali kuwa nalo, na hapa lipo. Kituo cha polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, uliza hilo, usiishie kaunta. Ukishaandikisha, usiondoke bila namba ya RB, ile namba ya taarifa yako kituoni, na uiandike mahali pawili. Msitegemee kukuta sheria moja yenye jina la kuandama. Shauri hufunguliwa kwa vipande. Kutishia ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu. Udhalilishaji wa kijinsia uko kifungu cha 138D. Kumtisha au kumsumbua mtu kwa njia ya simu na mtandao kuko kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Wenzetu wa Kenya wako hatua moja mbele hapa, sheria yao ya mwaka 2015 ya ukatili wa majumbani inataja kuandama kwa jina na inampa mlalamikaji amri ya ulinzi ya mahakama. Sisi bado.

Kwa wanaotishiwa kuvujishiwa picha: usilipe, na usikubali kukutana naye ili "uzifute". Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, mwaka 2018, mwanafunzi mwanariadha alitishiwa hivyo, akalipa, akaripoti kwa polisi wa chuo tena na tena. Hawakugundua kwamba anayemtisha alikuwa mfungwa aliyeachiwa kwa masharti. Aliuawa Oktoba mwaka huo, na 2020 ikatangazwa kwamba chuo kitalipa dola milioni 13.5 katika makubaliano na familia. Binti alifanya yote aliyotakiwa kufanya. Kilichokosekana ni mtu wa upande wa pili wa kaunta mwenye dakika chache za kuangalia jina kwenye kompyuta.

Wanaopanga mtaani, geto zenu hazina mlezi wala geti. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mwenye nyumba waambieni mapema, kabla ya tatizo. Mwenye nyumba anayejua kwamba fulani si shemeji yako hatamfungulia mlango.

Likitokea la kutokea, yaani umebakwa au umejeruhiwa, matibabu ya dharura hayasubiri karatasi, nenda hospitali. PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, itafuata. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inazipunguzia nguvu, kwa hiyo usisubiri asubuhi. Usioge, ingawa mwili wote unataka maji. Nguo ziweke kwenye mfuko wa karatasi, mfuko wa nailoni unaharibu ushahidi. Baadhi ya hospitali zina Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo daktari, polisi na ustawi wa jamii wako chini ya paa moja, hutarudia maelezo yako kwenye milango mitano. Kama una rafiki, aende nawe, anyamaze, akushikie begi. Namba ya dharura ya polisi ni 112.

Wavulana nao huandamwa, na huchekwa zaidi wakisema. Dawati ni lenu pia.

Wahadhiri wenzangu, msiangalie chini. Mwanafunzi anayeambiwa aje kuchukua matokeo ya testi hotelini hahitaji kamati ya tathmini. Mhadhiri anayemwita ameshakutana na kifungu cha 25, cha rushwa ya ngono, cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na TAKUKURU wanapatikana kwa 113, bure. Ninachowaomba wengine, ambao hamna makosa hayo, ni mambo mawili madogo. Ondoeni safu ya namba ya simu kwenye karatasi ya mahudhurio. Sahihi na namba ya usajili zinatosha, sijawahi kuona mhadhiri aliyempigia mtoro. Na mwanafunzi mzuri akitoweka ghafla darasani, ulizeni, kabla ya kumwandikia sifuri.

Na wewe kijana ambaye umekaa humu, unasikiliza, na moyoni unajijua. Umekataliwa, inauma, usiku hulali, unaangalia status yake kila dakika kumi. Sikuiti mnyama. Mapenzi yamewatesa wakubwa kuliko wewe. Lakini kule kupita chini ya dirisha lake hakukuponyi, kunakuchimba. Ofisi ya ushauri nasaha iko ghorofa moja na Dawati, mlango wa pili, na ukienda mwenyewe kabla ya kushtakiwa utapokelewa kama mtu anayeumwa. Futa ratiba yake kwenye simu yako leo. Na nyinyi marafiki zake mnaomwambia "komaa, mwanamke haombwi mara moja", mnamsukuma kwenda jela.

Kuanzia mwezi huu chuo kina timu ya watu watano: Mshauri wa Wanafunzi, mkuu wa ulinzi, mshauri nasaha, mwanasheria, na mratibu wa Dawati. Mlinzi, mhudumu wa usafi, CR, mama wa kantini, yeyote mwenye kipande anakipeleka kwa mmoja wao, hata kama kinaonekana cha kijinga. Haulizwi ushahidi. Anaulizwa aliona nini na lini. Kazi ya kuunganisha ni yao, na wanapaswa kumrudia mlalamikaji ndani ya saa 24, hata kama cha kumwambia ni kwamba bado wanafuatilia.

Nimezidisha muda, MC ananitazama vibaya. Napokea maswali, na naomba tuanze na walinzi, kwa sababu wao ndio wanaowaona hawa vijana kwanza, na kila mwaka kipaza sauti kinawafikia wakati watu wameshaanza kwenda kula.